Seneta wa Kericho na miswada inayofika hadi kwetu Pwani



Karibuni nilisafiri na shemeji yangu, dereva wa trela, kutoka Mombasa hadi Kericho. Yeye alikuwa akifuata mzigo wa majani chai. Mimi nilitaka tu kuiona nchi ambayo chai yake naitia kwenye birika kila alfajiri na sijapata kuitia machoni. Tulipokaribia Londiani Junction alipunguza mwendo mpaka gari likawa linatambaa, akazima redio. Sikumuuliza kwa nini. Dereva yeyote wa masafa marefu anapajua pale.

Ijumaa jioni, Juni 30, 2023, lori lililobeba kontena lilikosa mwelekeo mahali hapo likawaparamia wachuuzi waliokuwa na bidhaa zao kando ya barabara, abiria waliokuwa wakingoja gari, pamoja na matatu na magari madogo. Waliokufa walizidi 50. Mola awarehemu.

Shemeji alipozungumza tena tulikuwa tumeshafika mbali. Akaniambia, "Wewe huandika. Hebu niambie, hawa wakubwa wa huku bungeni hufanya nini?" Swali lake ndilo limezaa makala haya. Nimeyaandika kwa utaratibu ili mtu aweze kuyaweka na kuyarejea, maana mengi ya yanayoamuliwa na wakubwa hao hutufikia sisi pia.

Ni nani huyu

Seneta wa Kericho ni Aaron Cheruiyot. Aliingia Seneti mwaka 2016 kwa uchaguzi mdogo, baada ya Charles Keter kuteuliwa Waziri wa Kawi na kiti kuwa wazi. Akachaguliwa tena 2017 na 2022. Baada ya uchaguzi wa 2022 akawa Kiongozi wa Walio Wengi. Kazi ya cheo hicho ni kuipitisha miswada ya serikali ndani ya Seneti, kuwahesabu wanaounga mkono na kuwashawishi wanaosita. Anayeketi kwenye kiti cha Spika tunamjua sana huku kwetu. Ni Amason Kingi, aliyekuwa Gavana wa Kilifi.

Seneti ina wanachama 67 bila ya Spika: maseneta 47 wa kaunti, wanawake 16 walioteuliwa, wawili wa vijana na wawili wa watu wenye ulemavu. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010 kazi yake ni kuzilinda kaunti. Hushughulikia miswada inayozihusu, hugawa fedha baina ya kaunti, na huchunguza namna fedha hizo zinavyotumika. Seneta hana hazina ya kujengea barabara wala hospitali. Anayemdai lami anamdai asichokuwa nacho. La kumdai ni sheria na uangalizi.

Mtu wa cheo hiki ana miswada ya aina mbili. Kuna ule alioutunga mwenyewe kwa haja ya watu wake, na kuna ule anaoubeba kwa kuwa serikali imempa aubebe. Tukimpima tusiichanganye.

Mswada wake mwenyewe: chai

Mswada unaotajwa zaidi kwa jina lake ni wa chai. Aliuwasilisha 2018, ukazunguka katika mabunge yote mawili, Rais Uhuru Kenyatta akautia saini Desemba 2020. Sheria ya Chai ilianza kutumika Januari 2021.

Sheria hiyo iliirudisha Bodi ya Chai ya Kenya. Ilitaka mkulima mdogo alipwe kila mwezi angalau nusu ya thamani ya majani mabichi aliyopeleka, na salio lije kama bonasi. Iliweka kikomo cha asilimia 1.5 kwa ada ambayo wakala anayesimamia viwanda vya wakulima anaweza kutoza. Pia ilitaka chai inayosafirishwa nje ipitie mnadani, isipokuwa aina chache maalumu. Baadhi ya vipengele vilipingwa mahakamani, lakini mwelekeo wa sheria ulikuwa wazi: mkulima aone pesa yake mapema na ajue imepitia mikono ya nani.

Mnada wenyewe uko kwetu, ndugu zangu. Uko Mombasa tangu 1969, baada ya kuanzia Nairobi 1956. Siku hizi wanunuzi hutoa bei kwa kompyuta, lakini chai yenyewe bado huja kwa trela hadi maghala ya Shimanzi na Changamwe, ikashushwa, ikapimwa, ikachanganywa, ikatiwa kontena. Kuli wa ghala, karani, dereva na tanboi wake, mama ntilie anayewauzia chapati na maharagwe saa nne, wote hao wana riziki ndani ya sheria iliyotungwa na seneta wa Kericho. Mnada ukikwama, ghala hujaa na kazi za kibarua hupungua.

Wakulima wa Kericho na Bomet wanaopeleka majani viwanda kama vya Litein, Kapkatet, Mogogosiek na Kapkoros bado wanalalamika kwamba bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa Mlima Kenya. Kwa hivyo sheria ilifungua mlango, lakini haikumaliza kazi.

Mswada aliobebeshwa: nyumba

Hapa ndipo pesa ya kila mwenye mshahara inapoguswa. Tozo ya nyumba iliingia kwanza kupitia Sheria ya Fedha ya 2023. Novemba mwaka huo Mahakama Kuu iliikataa, ikasema haikuwa na msingi kamili wa kisheria na kwamba iliwabagua walioajiriwa kwa kuwatoza wao tu. Serikali ikarudi na sheria mpya, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, iliyopitishwa na mabunge yote mawili na kutiwa saini na Rais William Ruto Machi 19, 2024. Upande wa Seneti, Cheruiyot kwa cheo chake ndiye aliyeusimamia mswada huo. Oktoba 2024 Mahakama Kuu iliiacha sheria hiyo isimame.

Hesabu yake ni hii. Mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wote kabla ya makato mengine, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Anayelipwa shilingi 20,000 hukatwa 300, mwajiri akatoa 300. Kwa mwaka ni 7,200 kwa jina la mtu mmoja. Wenye kipato nje ya ajira nao sheria imewataja. Anayepata chini ya 20,000 kwa mwezi amewekwa kwenye fungu la nyumba za jamii, na aliye juu yake kwenye mafungu mengine.

Sasa chukua sheria hiyo uipeleke kwenye mashamba makubwa ya chai. Mchumaji wa kampuni huishi katika nyumba ya kampuni. Nyumba hizo zimejengwa safu kwa safu, na watu huziita laini. Anazaa humo, analea humo, na siku ajira inapokwisha, kwa umri au kwa sababu mashine imechukua nafasi yake, anatakiwa kuirudisha nyumba. Nilikaa na mama mmoja nje ya duka huko Brooke, karibu na Kericho mjini. Amechuma majani miaka 22. Akanionyesha karatasi ya mshahara, akaweka kidole kwenye mstari wa tozo ya nyumba. "Hii nyumba ninayoilipia," akaniuliza, "iko wapi?"

Sikuwa na jibu, na naona ni haki yake alipate. Sheria inasema mtu ajiandikishe, atume maombi, aweke malipo ya mwanzo, kisha alipe polepole. Kwa mwalimu wa mjini njia hiyo inapitika. Kwa mchumaji anayeishi nyumba ya mwajiri, mwenye simu ya vibonye na mshahara unaoishia kwenye karo, bado imejaa miiba. Na Kericho swali la nyumba lina kidonda cha zamani juu yake. Ardhi ya mashamba mengi ya chai ilichukuliwa na wakoloni kutoka kwa Wakipsigis, na ukoo wa Talai ulihamishwa kwa nguvu hadi Gwassi katika miaka ya 1930. Watu walioporwa ardhi wakilipishwa tena ili wapate pa kulala, usishangae wakiikunjia uso tozo hiyo.

Sisi wa Pwani hadithi hii hatuhitaji kufasiriwa. Tunao watu waliozaliwa juu ya ardhi ambayo hati yake iko kwa mwingine.

Barabara, soko na usalama

Turudi Londiani. Baada ya ajali, Waziri wa Barabara na Uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, alisema masoko yaondolewe kando ya barabara kuu. Ni neno jema. Lakini angalia nani anatakiwa kulitekeleza.

Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Barabara kuu za kitaifa ni za serikali ya taifa. Masoko ni ya kaunti. Barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na usafiri wa umma wa ndani ni vya kaunti. Sera ya nyumba ni ya taifa, lakini mipango ya miji na nyumba za mahali ni ya kaunti. Kwa hivyo mchuuzi wa viazi anayekaa hatua tano kutoka kwenye lami yuko juu ya mpaka. Mbele yake ni Nairobi, nyuma yake ni gavana. Akigongwa, kila upande una wa kumwelekezea kidole.

Seneti ipo kwa ajili ya mipaka kama hiyo. Ndicho chombo kinachoweza kumwita waziri na gavana katika chumba kimoja na kuwauliza: soko jipya litajengwa lini, wapi, kwa fedha za fungu gani? Lakini hapo pia pana mvutano. Tumeona wabunge na magavana wakigombania shilingi bilioni 10.5 za tozo ya mafuta inayotengeneza barabara, kila upande ukisema ni zake, hata mgao mwingine wa kaunti ukacheleweshwa. Mashimo hayakujua nani mwenye haki. Yalizidi kupanuka.

Na tusidhani sheria za usalama hazipo. Tangu 2004 tuna kanuni za Michuki: mikanda, vidhibiti mwendo, kikomo cha kilomita 80 kwa saa kwa magari ya abiria. Tangu 2012 tuna sheria iliyounda mamlaka ya usalama barabarani, NTSA. Zote zilikuwepo Oktoba 10, 2018, basi lilipoanguka Fort Ternan, Kericho hiyo hiyo, likaua zaidi ya watu 50. Polisi walisema halikuwa na kibali cha kusafiri usiku. Lilitoka, likapita vizuizi, likafika kwenye mteremko ule kabla ya alfajiri.

Kwa hivyo mswada mpya wa usalama ukiletwa, la kwanza kuuliza si adhabu yake ni kali kiasi gani. Tuulize nani atausimamia saa nane ya usiku, na akilala, nani atamwajibisha.

Ya kumuuliza seneta, wake na wetu

Nimeandika haya bila chuki na bila ushabiki. Mswada wa chai ni kazi ya kuheshimiwa, na aliyeitunga astahili kutajwa. Wa nyumba ameubeba, na aliyebeba mzigo huulizwa ulipofikia. Mwenye cheo kama chake anapokuja nyumbani, watu wa Kericho wana maswali matatu ya haki. Je, kati ya nyumba zinazojengwa kwa tozo, ngapi zimeandikwa kwa wachumaji wa chai? Je, soko salama la wachuuzi wa Londiani limefikia wapi? Na je, mkulima wa huku ataendelea mpaka lini kupata bonasi ndogo kuliko mwenzake?

Na sisi tusibaki kutazama. Wachuuzi wa Mazeras na Mariakani wanakaa kando ya barabara ile ile, trela zile zile zikiwapita. Kuli wa Shimanzi anakatwa tozo ile ile. Maseneta wetu wa Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta wana kura Seneti kama wa Kericho. Wakija kwenye harusi na maziko, tuwakaribishe kwa adabu, kisha tuwaulize.

Tuliporudi na mzigo, shemeji alipita Londiani mwendo ule ule wa kutambaa. Mama mmoja mwenye ndoo ya viazi alikuwa ameketi karibu na lami, mtoto mgongoni. Shemeji akamwashia taa, akampungia mkono asogee nyuma. Yule mama akasogea hatua mbili. Nyuma yake palikuwa na mtaro, hapakuwa na pa kusogea zaidi.

Wabillahi tawfiq.