Reli ya Uhuru: Urafiki na Masharti Yake

Kila unapozuka mjadala kuhusu uhusiano wetu na China, TAZARA hutajwa kama ushahidi wa urafiki. Hilo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli.

Mwaka 1964 Benki ya Dunia ilishauri kwamba reli hiyo isingekuwa na tija kiuchumi. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia wakajitangazia uhuru, na Zambia, ambayo shaba yake ilipitia kusini, ikajikuta imebanwa. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda wakageukia China. Mkataba ulitiwa saini Septemba 1967, ujenzi ukaanza 1970, na reli ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa Julai 1976.

Kinachosahaulika ni kwamba ule ulikuwa mkopo, si sadaka. Haukuwa na riba, na ulipaswa kulipwa kwa miaka 30. Gharama za ndani ziligharimiwa kwa kuuza bidhaa za China katika maduka yetu. Urafiki ulikuwepo, masharti nayo yalikuwepo, tena yalijulikana.

Linganisha na bandari ya Bagamoyo. Makubaliano yalitiwa saini 2013. Rais Magufuli alipoyakataa masharti yake hadharani mwaka 2019, likiwamo la ukodishaji wa miaka 99, wananchi walio wengi walikuwa hawajauona mkataba wenyewe.

Kwa hiyo watafiti wetu wasiishie kuuliza kama China ni rafiki au mnyonyaji. Waulize: mkataba unasema nini, na nani ameusoma? Mali bila daftari hupotea bila habari.