Mama Atoke Jikoni

Mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons huko Marekani: mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji anaigiza mhusika, na kete huamua bahati yake. Ulitokana na michezo ya vita. Kati ya aina 3 za wahusika wa mwanzo, moja iliitwa mwanamume mpiganaji.

Wasichana wa Ngara na Biharamulo hawakusubiri kitabu hicho ili waigize. Mchezo wa baba na mama una kanuni zake: nani mama, nani mgeni, chakula cha udongo kigawanywe vipi. Kete hakuna, ni kubishana hadi wakubaliane. Kasoro yake moja: mama habanduki jikoni.

Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikafurika. Mama mwenye mtoto mgongoni alikuwa na ya kuamua: abebe nini, amwamini nani, maji yatoshe vipi.

Mbunifu aanzie hapo. Kupaka upanga rangi ya waridi hakutoshi. Aweke maamuzi hayo mezani, kisha msichana wa miaka 10 aongoze msafara, na neno lake lifuatwe.