Kalunguyeye ana daktari, kuku wa Mbwara je?

Ndugu msomaji, leo naomba tumzungumzie mnyama ambaye sisi waandishi hatuna habari naye kabisa: kalunguyeye. Usimchanganye na nungunungu, yule mwenye miiba mirefu. Kalunguyeye ni mdogo, hafiki hata kilo moja, miiba yake mifupi, na akiogopa anajikunja kama mpira. Anaishi porini kuanzia Senegal mpaka huku kwetu Afrika Mashariki. Mjerumani Johann Andreas Wagner ndiye aliyempa jina la kisayansi mwaka 1841, ingawa babu zetu walikuwa wanamjua siku nyingi.

Sasa sikia maajabu. Marekani huyu bwana anafugwa ndani ya nyumba kama paka, na ana madaktari wake. Kwa kuwa akiguswa anajikunja, daktari humvutisha kwanza hewa ya usingizi, halafu ndipo anamkagua meno, ngozi na kucha. Wanautambua hata ugonjwa wake wa kuyumba, unaoanzia miguu ya nyuma mpaka mwili mzima unapooza. Ugonjwa huo hauna tiba, lakini umeandikwa na unafuatiliwa.

Alifikaje huko? Alinunuliwa Afrika, wengi wakitokea Nigeria, miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990. Mwaka 1991 Marekani ikafunga mlango. Unadhani ni kwa kumhurumia kalunguyeye? Hapana! Waliogopa ng'ombe wao. Utafiti uliofanyika Uingereza tangu miaka ya 1930 ulionyesha kwamba kalunguyeye anaweza kubeba ugonjwa wa miguu na midomo. Kwa hiyo wanaofugwa Marekani leo ni uzao wa wale walioingia kabla ya katazo.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaza historia yetu wenyewe. Maana hata kwetu udaktari wa mifugo ulianza kwa ajili ya ng'ombe. Sotoka iliingia Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikafyeka ng'ombe, na wafugaji wakafa kwa njaa. Mwaka 1905 Wajerumani wakaanzisha kituo cha mifugo Mpwapwa, katikati ya nchi ya wafugaji.

Mwaka huohuo wa 1905, upande wetu wa kusini mwa Rufiji, serikali hiyohiyo ilikuwa na shughuli nyingine: kulimisha watu pamba kwa nguvu. Jibu lake unalijua. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe akagawa maji, na Vita vya Maji Maji vikaanzia vilima vya Umatumbi. Wa Mpwapwa waliletewa daktari wa ng'ombe, wa kwetu wakaletewa kiboko.

Lakini tuseme kweli, ng'ombe wenyewe kwetu walikuwa wa kuhesabu. Mwenye nchi alikuwa mbung'o. David Bruce alionyesha kule Zululand mwaka 1895 kwamba mbung'o ndiye anayeeneza vijidudu vya nagana. Mahali penye mbung'o ng'ombe hadumu, na mahali pasipo ng'ombe, daktari wa mifugo anafuata nini? Kwa hiyo Mbwara na vijiji jirani vikabaki na kuku, mbuzi wachache na mbwa wa kufukuza nguruwe shambani. Hao hawakuhesabiwa.

Halafu mambo yakageuka. Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji bonde la Usangu na Ihefu, wakaelekezwa kusini na mashariki. Makundi ya ng'ombe yakaingia Rufiji, ugomvi wa mashamba na malisho nao ukaingia. Ghafla kila mtu akaanza kuulizia majosho, chanjo na wataalamu. Unaona? Ng'ombe kafika, daktari kakumbukwa.

Sisemi hakuna kilichofanyika. Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro kinajitegemea tangu 1984 na kimetoa madaktari wengi wa mifugo. Kati ya 2010 na 2015 kulikuwa na mradi mkubwa wa kuchanja mbwa dhidi ya kichaa mikoa ya kusini na pwani, na mkoa wetu wa Pwani ulikuwemo. Ila hata pale aliyekuwa analindwa ni binadamu asiumwe. Mbwa alipata bahati ya jirani.

Ninachokiona ni hiki: mnyama hapati daktari kwa sababu anaumwa. Anapata kwa sababu kuna mtu mwenye sauti ambaye atapata hasara, au ambaye roho itamuuma. Kalunguyeye wa Marekani ana mwenye pesa wa kumlilia. Kuku wa Mbwara ana mama ambaye kuku huyo ndiye ada ya shule, ndiye nauli ya kwenda hospitali. Kideri kikipita, banda linabaki manyoya, na mama huyo hana gazeti la kumwandika.

Na dawa siyo muujiza. Chanjo ya kideri isiyoharibika haraka kwa joto imekuwa ikitengenezwa hapahapa Tanzania. Ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi 3. Haihitaji hewa ya usingizi wala hospitali ya vioo. Inahitaji mtu wa kuifikisha kijijini, na diwani wa kuulizwa asipofika.

Mimi nitaanza kuuliza. Na wewe muulize wa kwako.