Mukombero na Mpaka wa Familia Mbili: Uainishaji wa Mimea ya Utomvu Mweupe katika Ukanda wa Ziwa Victoria

Mukombero, ambao wanabotania huuita Mondia whitei, ni mmea unaotambaa juu ya miti ya Msitu wa Kakamega na ya mabonde mengine yenye unyevu magharibi mwa Kenya, na mizizi yake, yenye harufu inayokaribiana na ya vanila, huuzwa hata katika mitaa ya Kisumu kwa watu wanaoitafuna wakitaka hamu ya chakula na nguvu za mwili. Mnunuzi hahitaji kitabu ili kuutambua, kwa kuwa pua na ulimi vinamtosha. Lakini katika sayansi mmea huohuo umewahi kuwekwa katika familia tatu mbalimbali. Kuhamishwa kwake kunaonyesha jinsi mimea ya ukanda wa ziwa ilivyoainishwa kwanza na watu walioiona ikiwa mikavu juu ya karatasi, na baadaye na wasomi wa Kenya waliojua pia mahali inapoota.

Familia, katika lugha ya uainishaji, ni kundi la jenasi zinazohesabiwa kuwa na asili moja, na jenasi nayo hukusanya spishi zilizo karibu zaidi. Mwaka 1789, Mfaransa Antoine-Laurent de Jussieu aliliweka pamoja kundi ambalo leo linaitwa Apocynaceae, ambalo mimea yake mingi hutoa utomvu mweupe inapokatwa na hubeba majani yanayoota mawilimawili yakikabiliana. Kundi hilo linakusanya mimea ambayo kwa matumizi haifanani hata kidogo: ochuoga, kichaka chenye miiba ambacho watoto wa Wajaluo huchuma matunda yake meusi; mbungo wa pwani; vinka inayopandwa kando ya nyumba; na msunguti, ambao wawindaji wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki walichemsha magome na mizizi yake ili kupata sumu ya mishale. Kutokana na jenasi ya msunguti, mkemia Mfaransa Léon-Albert Arnaud alitenga mwaka 1888 kemikali ya ouabaini, ambayo huathiri mapigo ya moyo.

Mwaka 1810 Mskoti Robert Brown aligawa kundi la Jussieu katika sehemu mbili kwa kutumia kigezo kisichoonekana bila kulipasua ua. Katika sehemu moja, aliyoiachia jina la awali, chavua ni vumbi la kawaida. Katika nyingine, iliyokuja kuitwa Asclepiadaceae, chavua hushikamana na kuwa mabonge mawili, yanayoitwa polinia, yaliyounganishwa kwa kibanio kidogo kinachonasa mguu wa mdudu anayetafuta nekta, hata mdudu huyo akaondoka na mzigo mzima na kuupeleka kwenye ua jingine. Gomphocarpus, mmea wa kando ya njia na mashamba yaliyoachwa, ambao matunda yake yamefura hewa na mbegu zake zina mashungi ya nywele, ni mfano mzuri wa sehemu hiyo ya pili.

Mukombero haukukaa sawasawa upande wowote wa mpaka huo. Chavua yake haijashikamana kuwa mabonge magumu, wala si vumbi lililo huru, bali huangukia ndani ya kijiko kidogo chenye gundi mwishoni, na ni kijiko hicho kinachomgandama mdudu. Brown aliiweka mimea ya namna hiyo ndani ya Asclepiadaceae, lakini mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Rudolf Schlechter aliipa familia yake, Periplocaceae. Jina lenyewe la spishi nalo halikutulia: Joseph Dalton Hooker aliuita mmea huo Chlorocodon whitei mwaka 1871 kwa kutumia mmea uliotoka Natal, kusini mwa Afrika, na kwa kuwa jina hilo la jenasi lilikuwa limekwisha kutumiwa kwingine, Mmarekani Homer Skeels aliuhamishia jenasi ya Mondia mwaka 1911. Kwa hiyo mmea unaojulikana sana magharibi mwa Kenya ulielezwa kwa sampuli ya mbali, na sampuli hiyo ndiyo iliyobaki kipimo cha jina.

Reli iliyotoka Mombasa ilifika ziwani Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo ndipo Kisumu ya leo, na ikarahisisha safari za wakusanyaji wa mimea pamoja na usafirishaji wa mizigo yao. Kati ya 1902 na 1904, juzuu ya nne ya kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika ya tropiki ilichapishwa kwa mafungu kutoka bustani ya mimea ya Kew, London. Humo Otto Stapf alieleza Apocynaceae na N. E. Brown akaeleza Asclepiadaceae, kila mmoja upande wake wa mpaka. Haja ya kazi hiyo haikuwa ya kitaaluma tu, kwa sababu huo ulikuwa wakati wa tamaa ya mpira. Wafanyabiashara walikuwa wameichanganya miti miwili inayofanana: Funtumia elastica, ambao utomvu wake huganda kuwa mpira mzuri, na Funtumia africana, ambao utomvu wake hutoa kitu cha kunata kisicho na bei. Mjerumani Paul Preuss aliutenga mti wa kwanza kama spishi ya peke yake mwaka 1899, na Stapf ndiye aliyeiunda jenasi ya Funtumia. Miti ya Funtumia africana ni mingi katika Msitu wa Kakamega, na aliyeitaka kwa ajili ya mpira angepata hasara ambayo maelezo sahihi ya spishi yangemwepusha.

Hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, kubandikwa na kuandikiwa mahali na tarehe ya kuchumwa, ilianzia Afrika Mashariki huko Amani, katika Tanzania ya leo, chini ya Wajerumani, kisha ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Miaka miwili baadaye lilichapishwa fungu la kwanza la mfululizo wa vitabu vya Flora of Tropical East Africa, ambao uligawa Kenya katika maeneo saba. Nyanza ya zamani, pamoja na Kisumu na Kakamega, ikawa K5, alama inayoonekana kwenye maelezo ya kila spishi iliyokusanywa huko. Mfululizo huo ulihitaji miaka 60. Wakati ukiendelea, John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha mwaka 1972 kamusi ya majina ya mimea ya Kijaluo na matumizi yake, na mwaka 1976 kitabu kuhusu mimea ya dawa ya Afrika Mashariki. Kwa kazi hizo, mtu aliyejua ochuoga aliweza kufikia jina la kisayansi, na mtafiti aliyejua jina la kisayansi aliweza kuuliza kijijini akaeleweka.

Mpaka wa Robert Brown ulianguka mwishoni mwa karne ya 20. Ulinganishaji wa chembe za urithi, pamoja na uchunguzi mpya wa maua, ulionyesha kwamba Asclepiadaceae ni tawi lililochipuka ndani ya Apocynaceae, na kwamba hatua kutoka vumbi huru hadi polinia haikuwa ukuta bali mfululizo. Mwaka 2000 Mary Endress na Peter Bruyns walitoa mpangilio wa familia moja yenye familia ndogo tano, na mukombero ukakaa katika mojawapo, Periplocoideae. Mfululizo wa Afrika Mashariki ulifuata mabadiliko hayo: sehemu ya kwanza ya Apocynaceae, iliyotoka 2002, iliandikwa na Mkenya Elizabeth Omino, na ya pili, iliyotoka 2012, mwaka mfululizo wote ulipokamilika, iliandikwa na David Goyder na wenzake, akiwemo Mkenya Siro Masinde. Takribani karne moja baada ya maelezo ya Stapf na N. E. Brown, mimea ya K5 ilikuwa inaelezwa na Wakenya pia.

Wenyeji wa ukanda wa ziwa hawakuhitaji mpaka wa 1810 ili kutenganisha tunda na sumu, na kuondolewa kwake hakukubadilisha bei ya mizizi sokoni. Hata hivyo, uainishaji una kazi ambayo pua haiwezi kuifanya. Mukombero huchimbwa mzizi, na mmea uliong'olewa mzizi wote hufa. Uchimbaji huo umeupunguza msituni, na baadhi ya wakulima wanaopakana na Msitu wa Kakamega wameanza kuupanda mashambani. Mkulima anayenunua miche, mtafiti anayepima kemikali za mzizi na afisa anayehesabu mimea iliyosalia hawana budi kuwa na hakika kwamba wanazungumzia spishi moja, na kosa la wafanyabiashara wa Funtumia linaonyesha gharama ya kukosa hakika hiyo. Maelezo ya spishi yamehama familia hadi familia bila kupoteza manufaa yake, kwa sababu kilichohama ni hoja kuhusu ukoo wa mmea, ilhali sampuli iliyohifadhiwa na maelezo ya ua lake vimebaki wazi kwa yeyote anayetaka kuvipima upya.