Drunken Bricklayer

Drunken Bricklayer, yaani "Mwashi Mlevi", ni chombo cha kioo cha kuwekea maua kilichobuniwa na Mwingereza Geoffrey Baxter (1922–1995) na kutengenezwa na kiwanda cha Whitefriars huko Wealdstone, London. Kilianza kuuzwa mwaka wa 1967.

Chombo hiki kinafanana na matofali matatu mazito yaliyopangwa moja juu ya jingine, ila lile la katikati limesogea upande, kana kwamba aliyeyapanga alikuwa amelewa. Jina hilo ni la utani. Katika orodha za kiwanda vyombo vilitajwa kwa namba: kile kidogo, chenye kimo cha sentimita 21 hivi, ni namba 9673. Kikubwa hufika sentimita 33 hivi.

Mbunifu

Baxter alisoma Royal College of Art, London, akaajiriwa Whitefriars mwaka 1954 kama msaidizi wa William Wilson. Kiwanda kilikuwa mikononi mwa familia ya Powell tangu 1834. Kazi zake za mwanzo zilikuwa laini na nyororo, zikifuata mtindo wa nchi za Skandinavia uliopendwa wakati ule.

Katikati ya miaka ya 1960 alibadili njia. Akiwa nyumbani alitengeneza kalibu za majaribio, akizitandika ndani kwa vitu vya kawaida kabisa: magome ya miti, waya, misumari, vipande vya matofali. Kioo kilichoyeyuka kilipopulizwa ndani ya kalibu, kilijibana kwenye kuta zake na kuchukua alama zote, hata nyufa za gome. Gome lenyewe haliwezi kuhimili joto hilo kwa muda mrefu, kwa hiyo kalibu za chuma zilihitajika ili umbo lilelile litolewe mara nyingi. Hata hivyo kila chombo kilipulizwa na fundi kwa pumzi yake. Si kazi ya mashine, ingawa wengi hudhani hivyo wanapoona kalibu imetumika.

Jamii hiyo ya vyombo ilitolewa kwa rangi kali, mojawapo ikiwa ile ya chungwa. Ndugu yake mashuhuri ni Banjo, chombo kipana chenye umbo la ala hiyo ya muziki.

Utambuzi

Whitefriars kilifungwa mwaka 1980 kwa matatizo ya fedha, na Baxter alikuwa angali kazini hapo. Baadaye bei ya vyombo hivi ilipanda, na vya kuiga vikaanza kuuzwa. Kuvitofautisha ni kazi, kwa sababu kwa kawaida kiwanda hakikuandika jina kwenye kioo, bali kilibandika karatasi ndogo ambayo hutoka chombo kikioshwa. Mnunuzi hulinganisha rangi, uzito, vipimo na alama za usoni na zile zilizo katika orodha za zamani za kiwanda.