Kitufe Kisicho na Jina

Kisoma skrini hakisomi skrini. Jina hilo la programu inayomsemea kwa sauti mtumiaji asiyeona limeshakubalika na sitaki kulifungulia kesi, lakini yeyote anayekitumia anajua kwamba skrini haina kazi hapo. NVDA, kisoma skrini cha bure ambacho Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, alianza kukiandika mwaka 2006, ina kitu kinachoitwa pazia la skrini: ukilishusha, kioo chote kinakuwa cheusi na programu inaendelea kuongea kama kawaida. VoiceOver ya Apple nayo inalo. Mtu asiyeona wa hapa Uvira, mji wetu wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, umeme wa shirika la SNEL ukiondoka bila kuaga saa mbili za usiku, anapunguza mwanga wa kioo hadi mwisho ili betri idumu, halafu anaendelea na kazi wakati jirani yake mwenye macho anatafuta tochi.

Kinachosomwa ni majina. Nyuma ya picha za programu iliyoandikwa vizuri kuna orodha isiyoonekana, na humo kila kitufe kina jina, aina na hali yake: kinaitwa nani, ni cha kubonyeza au cha kuburuta, kimewashwa au kimezimwa. Kisoma skrini kinaiomba mashine orodha hiyo na kuitamka. Mwandishi wa programu akichora kitufe kizuri cha rangi ya machungwa, akasahau kukiandikia jina, mwenye macho hatagundua upungufu wowote. Anayesikiliza atakutana na ukimya, au na neno moja tupu: "kitufe".

Kwa kuwa kila kitu kinategemea majina, naona watunga istilahi wetu wana la kujifunza kwa watu wa sauti. Chukua kile kifaa kidogo ambacho Wafaransa wanakiita carte son, na mafundi wa sono, yaani wa vyombo vya sauti, upande wetu wa ziwa wakakipokea hivyo hivyo, "karte son". Kinakaa kati ya maikrofoni na kompyuta. Kinapokea sauti, kinaigeuza kuwa namba, halafu kinairudisha kwenye kaski ya masikioni au kwenye bafle, yaani spika kubwa. Redio ya mtaa inakihitaji, studio ya kurekodi kwaya inakihitaji, na makanisa mengi ya mjini kati ya Kavimvira na Kalundu yanacho au yanakitamani. Vitabu vya kompyuta vinasema kiitwe kiolesura cha sauti. Ni jina refu, na mkiani mwa kiolesura kuna sura, kitu pekee ambacho fundi asiyeona hakihitaji. "Karte" nalo si neno sahihi sana, maana kifaa chenyewe ni kisanduku, na Mkongo akisikia karte anafikiri kwanza kadi ya mpiga kura anayotembea nayo kama kitambulisho. Hata hivyo nachagua kadi ya sauti. Liko karibu na lile ambalo watu wanalitamka tayari.

Zamani visanduku hivi vilikuwa na vitufe vingi vya kuzungusha na vidole vilitosha. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi imehamia ndani ya kompyuta, kwenye programu inayokuja na kifaa. Hata vile vilivyobaki mkononi vinazungumza na macho: Scarlett za Focusrite zimejulikana miaka mingi kwa duara la taa linalozunguka kitufe cha kuongezea nguvu ya maikrofoni, kijani sauti ikiwa salama, jekundu ikianza kupasuka. Fundi asiyeona hana habari na jekundu hilo. Anasubiri mpaka sauti ipasuke kweli, na kwaya imeshaimba.

Hebu tusikilize dirisha moja la programu ya namna hiyo, lile lililoandikwa bila kujali. Unabonyeza Tab: "Kitufe." Tab tena: "Kitufe." Tab: "Kitufe, kimebonyezwa." Tab: "Sabini na tano." Sabini na tano ya nini? Ya kaski, ya bafle za nje, au ya mikro ya mchungaji? Na kile kilichobonyezwa huenda ndicho cha volti 48, umeme unaopandishwa kwenye waya kwenda kulisha maikrofoni za kondensa. Wafaransa wanauita fantôme, na fundi wetu anasema "fantome" bila kuogopa mizimu. Ukiuwasha bafle zikiwa zimefunguliwa, mlipuko wake utawaamsha hata wazee waliosinzia benchi la nyuma.

Sasa dirisha lililoandikwa na mtu mwenye adabu: "Mikro moja, volti arobaini na nane, imezimwa." "Mikro moja, nguvu, thelathini." "Kaski, sauti, sabini na tano." Mashine ni ile ile na waya ni zile zile. Kilichoongezeka ni majina machache tu, na mtu ambaye alikuwa anahitaji kijana wa kumshikia mkono sasa anafanya kazi peke yake.

Mambo yameanza kubadilika, tena kwa sababu ya kiufundi ambayo wengi hawaijui. Programu nyingi za sauti duniani hujengwa kwa matofali ya pamoja yanayoitwa JUCE, na kwa miaka mingi matofali hayo yalikuwa picha tupu. Kisoma skrini hakikupata cha kusoma. Toleo la 6.1 la mwaka 2021 liliingiza njia ya kuandika majina hayo. Kabla ya hapo James Teh, naye asiyeona, alikuwa ameanzisha OSARA, nyongeza inayoifanya programu ya kurekodi ya REAPER itaje kila unachokigusa. Humo kuna chombo cha kulinda vilele: sauti ikivuka kiwango ulichokiweka, unaambiwa. Duara jekundu likapata mdomo.

Kazi ya sauti kwa wasioona si ngeni kwetu. Waliozoea kuipata Radio Tanzania wanaikumbuka ngoma iliyotangulia taarifa ya habari. Aliyeipiga ni Mzee Morris Nyunyusa, ambaye hakuwa anaona. Na hapa Uvira redio haijawahi kuwa kitu cha mapambo. Radio Okapi ilianza kusikika mwaka 2002 katika Kifaransa na lugha zetu nne, Kiswahili kikiwemo, na Radio Le Messager du Peuple iko papa hapa mjini. Penye redio pana meza ya sauti, na penye meza pana kiti ambacho mtu mwenye masikio makali angeweza kukikalia.

Akikikalia, neno la kwanza litakalomsumbua ni sauti lenyewe. Kiswahili sanifu kimelibebesha mzigo mkubwa: sauti ni ya mtu anayeimba, ni ya gitaa, ni ukubwa unaoongezwa na kupunguzwa, ni faili lililorekodiwa, ni wimbi linalopita kwenye waya. Mwenye macho anaokolewa na picha iliyo pembeni ya neno. Anayesikiliza anaambiwa "sauti" mara nne kwenye dirisha moja, na juu ya hayo kuna sauti ya tano, ya mashine inayomsomea. Fundi wa Uvira amejinasua bila kuomba ruhusa: sauti ni ya mtu, son ni ya mashine. "Ongeza son ya gitaa, sauti ya mwimbaji haisikiki." Msomi wa Zanzibar atakunja uso akisikia Kifaransa hicho. Mimi naona tofauti ni ya kweli na neno ni fupi, na sijaona istilahi sanifu inayoifanya kazi hiyo kwa silabi moja.

Na tofauti hiyo ina matokeo. Kisoma skrini na muziki vikitoka kwenye tundu moja, waumini watasikia katikati ya wimbo wa kuabudu mashine ikitangaza kwa Kifaransa cha roboti kwamba betri imebaki asilimia kumi. Anayejua kazi anaipeleka sauti ya kusomewa kwenye spika ndogo ya kompyuta au kwenye sikio moja, na son anaipeleka kwenye kadi. Hapo ndipo maneno "ingizo" na "tokeo" yanapoanza kumchezea.

Ingizo la nani? Ziwa letu lenyewe limewahi kuleta ugomvi huo. Mwaka 1858 wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipanda mitumbwi kutoka Ujiji mpaka Uvira, wakitafuta kujua kama Ruzizi, mto wa hapa kwetu, inatoka ziwani au inaingia. Walikuwa na hamu itoke, ili iwapeleke kwenye Nile. Watu wa Uvira wakawaambia inaingia. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walifika mdomoni mwa mto, wakaona kwa macho yao kile ambacho wavuvi wangewaambia bure. Lakini uliza swali hilo ukiwa Bukavu, jibu linageuka: Ruzizi inatoka, maana inatoka Ziwa Kivu. Maji ni yale yale. Wa huku ataita ingizo, wa kule ataita tokeo. Programu ya kadi ya sauti iko hivyo. Kinachotoka kwenye kompyuta kinaingia kwenye kadi, na kilichoandikwa "tokeo 3" upande mmoja kinaonekana upande wa pili kama ingizo. Mwenye macho anafuata mistari iliyochorwa. Kwa anayesikiliza, jina lenyewe linapaswa kutaja pande zote mbili: "kutoka kompyuta kwenda kaski", "kutoka mikro kwenda kompyuta". Ni refu kuliko ingizo, lakini halidanganyi. Isitoshe, tokeo kwa mwanafunzi yeyote ni jambo la mtihani.

Kuna kasoro nyingine ambayo watunga istilahi hawawezi kuigundua kwa kalamu na karatasi. Tumependa mno kiambishi ki-. Kisoma skrini, kipaza sauti, kinasa sauti, kitufe, kitelezi, kichupo, kidirisha, kipanya, kiolesura, kidhibiti. Kwenye ukurasa orodha hiyo inapendeza, ina ukoo. Sasa iweke kwenye sikio la mtu aliyeizoesha mashine yake kutamka kwa kasi ambayo mgeni hapati hata neno. Msikilizaji mzoefu haachi neno limalizike. Akisikia silabi ya kwanza na anajua si analolitaka, anasonga mbele. Kwa orodha yetu silabi ya kwanza haimwambii kitu. Ki, ki, ki, ki, kama kifaranga aliyepotea. Tena kwenye menyu nyingi mtu hubonyeza herufi ya kwanza ili aruke moja kwa moja. Akibonyeza K katika menyu ya Kiswahili ameangukia nusu ya kamusi.

Vitenzi navyo vina mitego. Funga na fungua ni amri zinazopingana, na kwa kasi hiyo kinachozitenganisha ni irabu moja iliyopita kama mbu. Kiswahili cha Kivu kinasema fungula, na ile l ambayo pwani waliiacha inalipa neno kiungo cha kushikia. Washa na zima hazina shida. Kwa kunyamazisha mikro napendekeza "nyamaza", amri ambayo kila mtoto ameshaitii. Kudhibiti ningeliweka kando kabisa: kwenye taarifa za habari za mashariki mwa Kongo vinavyodhibitiwa ni vijiji na barabara, na wanaodhibiti wana bunduki. Mashine tunaiendesha, kama pikipiki na mtumbwi wa injini.

Halafu lugha ya yule anayesoma. NVDA huja na eSpeak NG, msemaji ambaye mwanzo wake ni kazi ya Mwingereza Jonathan Duddington, na Kiswahili kimo. Lakini vitufe vya programu ya sauti vimeandikwa kwa Kiingereza, na msemaji wa Kiswahili anavisoma kwa herufi zetu: "mute" inakuwa mu-te, "line" inakuwa li-ne, "gain" inakuwa ga-i-ni. Ukimchagua msemaji wa Kifaransa, "gain" inageuka neno la Kifaransa lenye maana ya faida, kana kwamba uko soko la Mulongwe. Wanaotumia wanazoea. Wanajifunza lugha ya nne ambayo haina nchi, na nimesikia ga-i-ni ikitamkwa hivyo hata na mtu mwenye macho mazima, kwa sababu aliyemfundisha kazi alijifunza kwa masikio.

Neno lililofaulu mitihani yote hii ni larsen. Ni ule mluzi unaopasua masikio mikro inapoisogelea bafle. Fundi wa sono hahitaji sentensi: "Larsen!" na kila mtu anajua nani arudi nyuma. Ni jina la mwanafizikia wa Denmark, Søren Larsen, lililopitia Ufaransa likafika kwenye makanisa ya kando ya Ziwa Tanganyika. Lina silabi chache, halianzi na ki-, na halifanani na jirani yake yeyote.

Tangu tarehe 3 Mei 2022 Kongo ina sheria ya kulinda haki za watu wanaoishi na ulemavu, na siku moja mtu ataagizwa kutafsiri programu hizi kwa Kiswahili ili sheria itekelezwe. Namwomba mtu huyo, kabla ya kuipeleka orodha yake ikachapwe, aiingize kwenye kompyuta, aongeze kasi ya msemaji, ashushe pazia la skrini na aisikilize yote. Neno litakalompita bila kulishika alirudishe mezani. Na akitaka mbadala, aanzie kwa mafundi wa sono, siku ya Jumamosi jioni wanapofunga waya za ibada ya kesho.