Sinema za Kuimba katika Mji Kasoro Bahari

Tangu garimoshi la reli ya kati lilipofika Morogoro mwaka 1907 likitokea Dar es Salaam, mji huu uliojiegemeza kwenye miguu ya milima ya Uluguru umekuwa wa kwanza kupokea mambo ya pwani yanapoelekea bara, na baada ya nguo, chumvi na habari, ikafika zamu ya mikanda ya sinema ndani ya mikebe yake ya bati. Ilipopata kusema, sinema ya Kihindi ilisema kwa kuimba, na watu wa mji kasoro bahari, Waswahili kwa Wahindi, Waluguru walioteremka kuuza mboga za Mgeta na manamba wa mashamba ya mkonge, wakaipenda.

Aghalabu hawakujua kwamba walichokiona kilikuwa tamthilia ya jukwaani iliyobadili makazi. Makundi ya maonyesho ya Kiparsi yalikuwa yakiizunguka Bara Hindi tangu karne ya 19, yakichanganya visa vya wafalme, majini na mashuhuri wa Kiajemi, huku mazungumzo yakikatizwa kila mara na wimbo. Alam Ara ya 1931, sinema ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, ilitokana na tamthilia ya Joseph David. Na Indra Sabha, iliyotungwa na Amanat wa Lucknow katikati ya karne hiyo ya 19, ilipotiwa katika mkanda mwaka 1932 ilibeba nyimbo takriban 70, kiasi ambacho hata mpenzi wa taarabu angeomba mapumziko.

Lakini sinema haikulinakili jukwaa tu. Mughal-e-Azam ya K. Asif, iliyotoka 1960, inasimulia kisa cha mcheza ngoma Anarkali na mwana wa mfalme Akbar, kisa ambacho Imtiaz Ali Taj alikuwa amekwisha kukitungia tamthilia mwaka 1922. Sehemu kubwa ya sinema hiyo ni nyeusi na nyeupe. Ghafla, Anarkali anaposimama mbele ya mfalme na kuimba kwamba mapenzi hayana hofu, rangi zinafumka, na dari la ukumbi, lililopambwa kwa vipande vya vioo visivyo na idadi, linajaa sura yake akizunguka, hata mfalme hana pa kuelekeza macho asimwone mtu yule yule anayemwasi. Jambo hilo fundi wa jukwaa, awe hodari namna gani, hawezi kuipatia hadhira iliyokaa mbali na taa.

Kuhusu lugha, Morogoro haikuwa na wasiwasi. Huu ndio mji wa Salum Abdallah, ambaye bendi yake ya Cuban Marimba ilichota mahadhi yake katika santuri za Kuba, zilizoimbwa kwa Kihispania ambacho wachezaji hawakukijua; madhali masikio yalikwisha kuzoea kupokea huzuni na bashasha kabla ya maneno, Kihindi hakikuwa kizuizi. Isitoshe, watu waliolelewa katika ngoma na unyago, ambamo mafunzo mazito hutolewa kwa wimbo, hawakuona ajabu mtu kukatiza maneno yake akaimba.

Nchi za Magharibi nazo zilifanya biashara hiyo hiyo ya kuihamishia tamthilia ya jukwaani kwenye sinema: The Sound of Music, iliyoanzia Broadway mwaka 1959, ikawa sinema mwaka 1965, na sifa yake moja ni kwamba milima ya Austria iliyoonekana humo ilikuwa ya kweli. Sifa hiyo, kwa maoni yangu, ni ndogo kwa mtazamaji ambaye, akitoka tu mlangoni, anaukuta mlima Bondwa wa Uluguru umemsimamia kichwani.

Upungufu wa sinema ni mwingine: mwimbaji wa pazia hatuzwi. Lata Mangeshkar, aliyeuimba wimbo ule wa vioo kwa niaba ya Madhubala, mwigizaji wa Anarkali, hakuweza kumwona mtu akiinuka kitini na noti mkononi. Ndipo waimbaji wa pwani, Juma Bhalo wa Mombasa akiwa mashuhuri miongoni mwao, walipoyachukua mahadhi ya sinema za Kihindi, wakayavika mashairi ya Kiswahili na kuyarudisha jukwaani, harusini, ambako mwenye kuguswa husimama, akamwendea mwimbaji na kumtuza.